Mwendo wa Torogane

Walipanga kumfuta Torogane siku ya Alhamisi saa nane mchana, na mimi niliyemuumba ndiye niliyetakiwa kukaa kitini nitazame.

Torogane ni mnyama wa chuma kilichoyeyuka. Hana mfupa, hana jicho, hana mdomo. Ni dimbwi linalojiinua na kwenda. Katika mchezo wetu wa Vibuyu Mia mchezaji anazunguka milima na miji akiwanasa wanyama kwa kuwarushia vibuyu vitupu, na mnyama akishaingia kibuyuni amekuwa wake. Karibu wote unakutana nao njiani. Torogane hukutani naye njiani. Yeye ni wa hekaya: watu wa mchezoni wanamsimulia tu, hakuna aliyemwona, mpaka zifike siku nne katika mwaka ambapo unabeba mashine yako hadi duka kubwa la vitu vya kuchezea, unapanga foleni, na mlango wa kumfikia unafunguliwa. Nilipokuwa na miaka kumi nilisimama kwenye foleni ya namna hiyo saa tatu nzima kwenye baridi, kwa ajili ya mnyama mwingine wa mchezo mwingine, na nilipotoka pale nilikuwa nimeshajua nitafanya kazi gani maishani. Kwa hiyo mtu akiniambia mnyama wa hekaya ni pambo tu, namwona hajui anachosema.

Ofisi yetu iko Kyoto, ghorofa ya tatu, juu ya duka la achari. Tuko watu kumi na tisa na sote tunanuka figili. Mkurugenzi wetu ni Bwana Kusakabe, mtu mrefu mwenye macho ya uchovu, ambaye sijawahi kumwona akikosea kuhusu kitu chochote kinachotembea kwenye skrini. Hilo ndilo lililoniuma.

"Nagakura," aliniambia Ijumaa ile, pedi ya mchezo mkononi, "huyu ni uji."

"Ni chuma," nikasema.

"Ni uji wa mgonjwa uliopakwa rangi ya fedha. Mtazame anavyojiburuta. Miezi kumi na minne nasubiri aache kujiburuta."

"Chuma ni kizito, Mkurugenzi."

"Kuwa kizito nakubali. Kuwa kinaunguza ndiko siamini." Akaiweka pedi mezani taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Alhamisi ijayo saa nane wanakuja wakubwa wa kampuni inayotutolea mchezo. Ikifika saa hiyo na bado yuko hivi, tunamfuta. Zile siku nne tutampa yule bundi wa karatasi, mnyama wetu wa akiba."

Nishiwaki, kijana anayetuandikia programu, alikohoa. "Bundi naye si mbaya, dada."

"We Nishiwaki, kuna mtu kakuuliza?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na zinapanda zaidi ninapojua kwamba anayenisema anasema kweli. Torogane alikuwa anajiburuta. Nilishamjaribu kwa zebaki, kwa asali, kwa lami ya barabarani, nikarekodi kila kimoja kikimwagika na kukifuata hatua kwa hatua, lakini kila mara nilirudi kwenye mwendo ule ule: mzito, wa polepole, wa tahadhari. Ndivyo nilivyokuwa nakikumbuka chuma, na kumbukumbu ile niliiamini kuliko video yoyote, kwa sababu mimi ni mtoto wa msubu, mtu wa kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu.

Baba yangu, Tokuji Nagakura, amesubu chuma Kawaguchi, mji ulio saa kadhaa kwa treni kutoka Kyoto, kwa miaka hamsini na moja. Ukipita barabara za upande ule, nusu ya mifuniko ya mitaro unayoikanyaga imetoka mikononi mwake. Tulipokuwa wadogo alichora mstari wa chokaa kwenye mlango wa kiwanda, na mtoto hakuuvuka. Kutoka pale nilimtazama yeye na Mzee Genzo wakibeba ndoo ya chuma kinachowaka, kwa miti miwili mabegani, mtu mbele na mtu nyuma. Utoto wangu wote niliutazama ule mwendo. Sasa kiwanda kilikuwa kinafungwa mwisho wa Desemba, uwanja umeshauzwa, pajengwe ghorofa za kupangisha, na mimi nilikuwa sijarudi tangu mwaka mpya.

Nikaamua kwenda kukiona chuma tena, kwa macho ya mtu mzima. Niliomba likizo ya siku moja tu iliyowezekana, Jumatano, nikapanda treni ya kwanza. Mpango ulikuwa rahisi: saa nne niko kiwandani, narekodi kwa simu chuma kikimiminwa, jioni niko Kyoto, namalizia kazi, Alhamisi Torogane anasimama mbele ya wakubwa.

Nilijua nimeharibu kabla sijafika mlangoni, kwa sababu hapakuwa na kelele. Kiwanda cha kusubu hakinyamazi. Hata mashine zikizimwa kuna feni, kuna koleo, kuna mtu anamtukana mwenzake. Siku ile nilisikia ufagio tu. Ndipo nikakumbuka tarehe. Ilikuwa tarehe nane Novemba, sikukuu ya mvukuto, siku ambayo kila mwenye kazi ya moto, awe mhunzi, awe msubu, anaulaza moto wake. Baba hata sigara hawashi siku hiyo. Mtoto wa msubu kuisahau tarehe nane Novemba ni aibu, na hadi leo naisimulia kwa shingo upande.

Tanuri lilikuwa limeoshwa na kufungwa kamba ya majani ya mpunga. Mbele yake palikuwa na chupa ya pombe ya sake, chumvi, mchele, na mlima wa machenza. Mama alikuwa amekaa kwenye kreti akiyafuta moja moja kwa ajili ya majirani.

"Ala, Mitsuyo. Umekumbuka sikukuu."

"Sikukumbuka, Mama."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kuona chuma kikimiminwa."

Mama alinitazama, akacheka mpaka chenza likamponyoka na kubingirika chini ya tanuri. "Baba Mitsuyo, njoo umsikie mwanao. Ametoka Kyoto kuja kuona moto, leo."

Baba alitokea nyuma ya rundo la mchanga na brashi mkononi. Alikuwa amekonda shingo. Nyuma yake akaja Mzee Genzo, ambaye amebeba ndoo pamoja na Baba tangu sijazaliwa, na ambaye mdomo wake haujawahi kuona sikukuu ya kupumzika.

"Leo?" Baba akauliza.

"Nusu saa tu, Baba."

"Moto umelala."

"Nauona. Hauwezi kuamshwa kidogo?"

"Wewe ukilala unaamshwa kidogo?"

"Huko Kyoto wamemfundisha nini huyu?" Mzee Genzo akamuuliza Mama. "Kuchora sungura?"

"Si sungura, Mzee Genzo."

"Kenge basi."

Nikawaeleza. Nilisimama katikati ya kiwanda na begi mgongoni, nikawaeleza wazee wawili na Mama habari za dimbwi lisilo na macho linalotembea. Baba alisikiliza akisugua brashi kwenye paja. Hajawahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa; kwa watu husema "anafanya mambo ya kompyuta" na kubadilisha mazungumzo. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Wakishamfuta, inakuwaje?"

"Basi. Inakuwa kama hakuwahi kuwepo."

Aligeuka akalitazama tanuri lake, lile ambalo wiki saba baadaye lingekatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Mama akaacha kufuta machenza.

"Kesho saa kumi alfajiri nawasha," Baba akasema. "Saa moja kinashuka."

"Kesho saa nane mchana natakiwa Kyoto, mbele ya wakubwa."

"Saa moja mpaka saa nane ni saa ngapi?"

"Saba. Lakini treni peke yake..."

"Unazo saba. Watu wamejenga daraja kwa chini ya hapo. Kula chenza."

Hasira zilinipanda, nusura nimwambie mkaidi mbele ya Mzee Genzo. Siku moja, moto mmoja, mbele ya kazi yangu ya miezi kumi na minne. Halafu nikayaona machenza yalivyopangwa, safu juu ya safu, mengi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, na kamba ya majani ilivyofungwa mafundo mapya. Ilikuwa sikukuu ya mwisho ya tanuri lile. Hakuna aliyekuwa amenialika, na nilikuwa nimekuja kwa makosa. Niliona haya sana. Nikavua koti, nikachukua kitambaa, nikakaa kwenye kreti karibu na Mama.

Mchana nilimpigia Nishiwaki. "Kesho kuanzia saa tatu uwe mezani. Nitakutumia vitu kutoka kwenye treni."

"Treni ya saa ngapi, dada?"

"Ya kuchelewa."

"Na Mkurugenzi nimwambie nini?"

"Mwambie amtazame bundi wake vizuri, maana hawatakaa pamoja muda mrefu."

Nilisema hivyo kwa mdomo mpana. Nilipokata simu nilifuta chenza moja mara tatu.

Asubuhi saa moja kasorobo jua lilikuwa limeingia kiwandani kwa pembeni, na tanuri lilikuwa linanguruma. Nilisimama kwenye mstari wa chokaa bila kufikiri. Mwaka huu nimetimiza thelathini na tisa, na miguu ilisimama yenyewe.

"Unasimama hapo unamsubiri nani?" Baba akaniuliza. Akanirushia aproni ya ngozi, kofia yenye kioo na glavu zinazofika kwenye viwiko. Mzee Genzo akanipapasa mifuko ya koti kama askari wa lango, akanipokonya chupa ya maji.

"Tone moja likiingia mle chini ya chuma," akasema, "utaingia kwenye mchezo wako vipande vipande."

Nikavuka.

Sijui nilitarajia nini. Baba akapiga kizibo kwa fimbo ya chuma, na kutoka kwenye tanuri kikatoka kitu chembamba, cheupe kuliko cheupe, kikaruka ndani ya ndoo kwa mlio kama mvua kwenye karatasi. Hakikujiburuta. Kilicheza, kikapanda ukuta wa ndoo, kikarudi, kikatulia, vyote katika muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha Baba na Mzee Genzo wakaingiza mabega, wakanyanyua, na wakaanza kwenda. Hatua fupi. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole. Mwendo mzito, wa polepole, wa tahadhari.

Ule ndio ulikuwa mwendo wa Torogane. Miezi kumi na minne nilikuwa nimemchora Baba na Mzee Genzo. Kutoka kwenye mstari wa chokaa mtoto haoni kilichomo ndani ya ndoo. Anaona wanaume wawili wanaotembea kwa woga, na mwanga.

Walipofika kwenye kalibu za mchanga Baba aliinamisha ndoo, na chuma kikaingia kwenye tundu kama chai inavyotoka kwenye birika, chepesi, chenye haraka, kikajaza mfuniko mzima wa mtaro kabla sijapepesa jicho.

"Ni chepesi," nikasema. Nilikuwa napiga kelele, sababu ya feni. "Baba, chuma ni chepesi."

"Kwani wewe ulidhani vipi? Sisi ndio wazito," Baba akasema. "Sisi ndio tunaoogopa kumwaga. Chenyewe kina haraka tangu kinapozaliwa."

Ndoo ya pili hakuimimina mara moja. Waliitua juu ya matofali, Baba akainama akakitazama chuma. Akaniita kwa kidole. Joto lilinisukuma uso kama mkono, lakini nilikaribia na simu yangu.

"Tazama ngozi yake," akasema.

Mwanzo ilikuwa nyeupe tupu. Kisha juu yake zikatokea alama, pembe sita sita, zinatokea na kuvunjika na kutokea tena, kama mgongo wa kobe unaotembea. Baba alitikisa kichwa. Bado. Alama zikaanza kurefuka, zikachongoka, zikawa vijistari vyembamba vinavyopishana kama majani ya mwanzi kwenye upepo.

"Sasa," akasema, na papo hapo wakanyanyua. Mzee Genzo hakuuliza. Neno lile "sasa" amelisikia kila siku kwa miaka arobaini.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza Baba walipotua.

Mzee Genzo ndiye aliyejibu. "Afundishwe na nani? Sisi tulitazama miaka mitatu. Ukitazama vya kutosha, chenyewe kinakwambia."

Nilirekodi ndoo sita. Nikambusu Mama, jambo ambalo kwetu halifanyiki, akasema nina homa. Baba nilimwinamia, na yeye akainama kidogo, kama fundi kwa fundi mwenzake. Nilikimbia stesheni nikiwa na mchanga mweusi masikioni.

Kwenye treni nilifungua kompyuta mapajani na sikuiona milima wala mto wowote mpaka Kyoto. Nilifuta mwendo wote wa Torogane. Kufuta kazi ya mwaka na zaidi kwa kidole kimoja kunauma, sikatai, lakini nilikuwa na haraka kuliko maumivu. Nilimfanya mwembamba na mwepesi. Ngozi nilimpa ile niliyoirekodi: nyeupe tupu anapokasirika, kobe anapokuwa macho, majani anapoanza kupoa. Halafu nikafanya jambo moja ambalo sikuwa nimetumwa. Nilimwambia Nishiwaki abadilishe namna ya kumnasa. Kibuyu kisishike wakati wowote isipokuwa majani yanapotokea. Kabla ya hapo kiungue. Baada ya hapo Torogane agande, na kibuyu kidunde.

"Mchezaji atajuaje, dada?" Nishiwaki aliniuliza kwa simu.

"Atatazama."

"Bila alama? Bila mlio?"

"Nishiwaki, andika."

Aliandika. Yule kijana ana mdomo, lakini saa nane kasoro dakika nne, nilipoingia ofisini nikinuka moshi juu ya figili, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Bi Onodera, mama mwenye kijitabu kidogo ambamo, nilichungulia, palikuwa pameshachorwa bundi. Bwana Kusakabe alinitazama aproni. Nilikuwa nimesahau kuivua. Akachukua pedi.

Torogane alimwagika kutoka mwisho mmoja wa skrini hadi mwingine, akapanda ukuta wa pango, akashuka, akatulia mbele yetu na uso mweupe. Mgeni mmoja alirudisha kiti nyuma.

"Kinaunguza," Bwana Kusakabe akasema polepole.

Nikadhani tumeshinda. Lakini alirusha kibuyu, kikaungua. Akarusha cha pili, kikaungua. Cha tatu kikadunda. Alirusha tisa, vyote bure, na alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi sote.

"Ana kasoro?"

"Hana, Mkurugenzi. Kuna wakati wake wa kurusha. Umeandikwa kwenye ngozi."

Bi Onodera aliegemea mbele, akatazama, akarudi nyuma. "Mimi naona michoro tu inayokwenda. Bibie, ni mzuri sana, nakubali. Lakini mtoto amepanga foleni saa nzima, ana nafasi moja, hajui arushe lini. Atalia, mama yake atatuandikia. Wekeni taa nyekundu. Kengele. Kitu chochote."

"Hapana," nikasema.

Mtu wa cheo changu hamwambii mtu wa cheo chake "hapana", angalau si kwa neno moja.

"Nagakura," Bwana Kusakabe akasema, kwa sauti ya kunipa njia ya kutoka.

"Tukiweka taa, watatazama taa. Nimempa ngozi ya kweli, inasomeka. Kuna watu wanaisoma."

"Nani?" Bi Onodera akauliza. "Kama hakuna awezaye kumnasa, sisi tuna bundi, na bundi yuko tayari."

Kama angekuwa mkali ningemjibu kwa ukali na ningeshindwa. Lakini aliuliza kwa upole, akitaka kujua kweli. Nikatoa simu, nikampigia Mama simu ya video.

"Mama, mpelekee Baba simu. Sasa hivi. Kimbia."

Tuliiona sakafu ya kiwanda ikirukaruka, viatu vya Mama, rundo la mchanga, halafu uso wa Baba, karibu mno, pua tu.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika. Baba, tazama hapa." Nikaigeuza simu kwenye skrini kubwa. Torogane alikuwa ameanza upya, mweupe tupu. "Mwambie huyu bwana arushe lini."

"Arushe nini?"

"Mwambie tu lini, Baba."

Nilisikia feni ya kule ikizimwa. Kisha pumzi ya Baba. Nilimjua. Alikuwa ameinama.

"Bado," akasema. "Kimewaka mno hicho."

Bwana Kusakabe alikuwa amesimama, kidole juu ya kitufe.

"Kobe huyo. Mwache. Mwache kwanza." Sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi. "Anarefuka. Bado kidogo. Sasa."

Kibuyu kiliruka. Torogane aliingia mzima, mpaka tone la mwisho, na kibuyu kikatulia chini kikifuka moshi.

Bi Onodera aliniomba simu kwa mikono miwili.

"Mzee, samahani kwa usumbufu. Umejuaje?"

"Nimejuaje nini, mama?" Baba alishangaa kweli. "Si kinaonekana. Mtu akitazama ataona."

"Inachukua muda gani kuona?"

"Mimi miaka mitatu. Lakini nilikuwa mvivu." Nyuma yake Mzee Genzo alicheka. "Leo mwanangu ameona kwa ndoo sita."

Nililia. Sifichi, nililia mbele ya wakubwa, nikiwa na aproni ya ngozi. Bi Onodera alinirudishia simu, akakitazama kijitabu chake, akakifunga. "Bundi atasubiri mwaka ujao," akasema. "Taa msiweke."

Nilikuwa karibu kumuaga Baba, lakini Bwana Kusakabe alikuwa hajakaa. Alikuwa ameuanza mchezo upya bila kuambiwa na mtu, na safari hii hakuitazama simu wala kunitazama mimi. Aliinama mbele ya skrini, yale macho yake ya uchovu yamefunguka. Torogane alimeta mweupe. Akaja kobe. Bwana Kusakabe alisubiri. Nishiwaki alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Sasa," Bwana Kusakabe akajisemea kwa sauti ya chini, akarusha.

Huko Kawaguchi Baba alikuwa bado anatazama kupitia simu niliyoielekeza kwenye skrini.

"Umechelewa kidogo," akamwambia. "Lakini kitashika."